Kuweka altimita sawa ukirukia Mwanza na kuvuka Ziwa Victoria

Rubani aliyejifunzia pwani huzoea kuiangalia altimita na kuichukua namba yake kama umbali wa ndege kutoka majini. Uwanja wa Dar es Salaam uko futi 182 tu juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo mazoea hayo hayamgharimu kitu. Mwanza yatamgharimu. Uwanja wa Mwanza uko futi 3,763, yaani mita 1,147, na uso wa Ziwa Victoria wenyewe uko karibu futi 3,720. Altimita ikisoma 4,200 ukiwa juu ya maji, chini yako zimebaki futi 480. Hapo umeshavunja hata ule mpaka wa futi 500 anaowekewa rubani anayeruka kwa kuona kwa macho.

Kabla ya jambo lingine lolote, kariri 3,720. Hiyo ndiyo sakafu yako kuanzia Mwanza hadi Bukoba, Musoma, Kisumu na Entebbe. Ukiongeza 500 unapata 4,220, na namba hiyo altimita isiwahi kwenda chini yake juu ya ziwa isipokuwa unapaa au unatua. Maji hupanda na kushuka kwa miaka kutegemea mvua, lakini ni suala la futi chache, halibadilishi hesabu hii.

Maelekezo haya yanawafaa zaidi wanaorusha ndege ndogo zinazoonekana kila siku kanda ya ziwa, kuanzia Cessna 172 hadi Cessna Caravan. Kitabu cha ndege yako na taarifa rasmi za Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, TCAA, ndivyo vyenye neno la mwisho.

Altimita inapima nini

Altimita haipimi urefu. Inapima mgandamizo wa hewa. Ndani yake kuna vidonge vya bati jembamba vilivyonyonywa hewa. Ndege ikipanda, hewa ya nje inapungua nguvu, vidonge vinatanuka, na vigurudumu vyenye meno vinageuza mtanuko huo kuwa mwendo wa mishale. Ili mishale isome futi, lazima kifaa kiambiwe kianzie kuhesabu kwenye mgandamizo upi. Namba hiyo unaiweka kwenye kidirisha kidogo upande wa kulia wa uso wa altimita, kinachoitwa dirisha la Kollsman kwa jina la Paul Kollsman, Mjerumani aliyehamia Marekani na kutengeneza altimita ya aina hii mwaka 1928.

Utakutana na namba tatu. QNH ni mgandamizo uliopelekwa usawa wa bahari. Ukiiweka, altimita inasoma urefu kutoka baharini, na ukiwa umesimama Mwanza itasoma karibu 3,763. 1013 ni mgandamizo wa kawaida uliokubaliwa dunia nzima (kwa ukamilifu 1013.25; kipimo chake ni hektopaskali), unaowekwa ndege zikiwa juu ili zote zihesabu kutoka mahali pamoja. Ya tatu ni QFE, mgandamizo halisi wa pale uwanjani, ambao ukiwekwa altimita inasoma sifuri ndege ikiwa chini.

QFE isahau ukiwa Mwanza. Kwa urefu wa uwanja ule, QFE huangukia maeneo ya hektopaskali 885, wakati kidirisha cha altimita nyingi za ndege ndogo kinaishia karibu 950. Utazungusha kifundo hadi kigome na bado hujaifikia. Aliyezoea kutua kwa kusubiri sifuri ajue kwamba huku kwetu sifuri haipo. Kuna 3,763 tu.

Hesabu ya kubeba kichwani: hektopaskali moja ni futi 27. Na mwelekeo: ukiongeza namba kwenye kidirisha, mshale unapanda, ukipunguza, mshale unashuka. Kila unapogusa kifundo, kadiria kwanza mshale utaenda wapi na kwa futi ngapi, kisha tazama kama ndivyo ulivyokwenda. Unatoka 1013 kwenda 1017? Tegemea mshale upande kama futi 108. Ukishuka, au ukipanda futi 400, umeweka namba nyingine. Mazoea haya madogo yanakamata makosa mengi kuliko orodha yoyote ya ukaguzi iliyoandikwa.

Ndege ikiwa bado maegeshoni

Anza kwa kusoma altimita kabla hujaigusa. Inaonyesha namba ya jana, na tofauti yake na urefu wa uwanja inakuambia hewa imebadilika kiasi gani tangu ndege ilipozimwa. Tofauti ya futi 50 au 100 ni ya kawaida. Ukiona futi 400, ama mtu amechezea kifundo, ama chombo kina kasoro. Chunguza kabla ya kuendelea.

Kisha chukua QNH kutoka mnarani au kwenye taarifa ya hali ya hewa ya uwanja, ile inayoanza na HTMW, alama ya uwanja wa Mwanza. Ni tarakimu nne zinazofuata herufi Q. Angalia na saa ya taarifa yenyewe: 0700Z, yaani saa za dunia (UTC), ni saa nne kamili asubuhi kwetu, kwa hiyo kama sasa ni saa saba mchana, umeshika taarifa iliyochacha. Iandike QNH kwenye karatasi ya pajani. Ukiitegemea kumbukumbu, mara mnara unapokupa masafa mapya na namba ya transponda (kifaa kinachoutumia mnara urefu wa ndege), tarakimu zitachanganyika.

Ndege nyingi ndogo zilizonunuliwa zikiwa zimeshatumika Marekani zina kidirisha cha inchi za zebaki peke yake. Zidisha hektopaskali kwa 0.02953. Bandika kijikaratasi karibu na chombo: 1012 ni 29.88, 1013 ni 29.91 (1013.25 ya kawaida ni 29.92), 1014 ni 29.94, 1016 ni 30.00, 1018 ni 30.06, 1020 ni 30.12. Kufanya hesabu hiyo hewani huku mtu anakuita redioni ni kujitafutia kosa.

Ukishaweka QNH, gonga kioo taratibu kwa ncha ya kidole ili mishale iliyokwama kidogo itulie. Sasa linganisha. Altimita isome urefu wa mahali uliposimama, ukiongeza futi tano au sita kwa kuwa chombo kiko juu ya magurudumu. Isipishane kwa zaidi ya futi 60; Wamarekani huchukua 75 kuwa kikomo. Soma pia ya upande wa pili. Kwenye ndege zenye skrini, usiisahau ile altimita ndogo ya akiba, maana ina kifundo chake na hakuna anayeizungusha kwa niaba yako. Ndiyo inayosahauliwa kuliko zote, na siku skrini zikizima ndiyo utakayobaki nayo.

Hapa kuna kosa linalofanywa kwa nia njema. Altimita inapishana na uwanja kwa futi 90, rubani anazungusha kifundo hadi isome 3,763 sawasawa, anaridhika, anaondoka. Hajatengeneza kitu. Amelificha tatizo, na kuanzia hapo kila QNH atakayopewa njiani ataiweka kwenye chombo chenye hitilafu ileile bila kujua. Kama QNH ni sahihi na chombo kimepita kikomo, ndege haiondoki, anaitwa fundi.

Kuna sababu moja nzuri ya kuweka 1013 ukiwa bado chini: jedwali za kupaa kwenye kitabu cha ndege zinataka urefu wa mgandamizo, na huo ndio unaousoma ukiweka 1013. Siku ambayo QNH ni 1017, utaona karibu 3,655. Usishangae kwamba namba hiyo iko chini ya maji ya ziwa. Joto likiwa nyuzi 29, ndege na injini vitafanya kazi kana kwamba uwanja uko karibu futi 6,200, na hapo ndipo urefu wa njia ya kurukia na uzito wa mizigo vinapohesabiwa kwa makini. Ukimaliza, rudisha QNH papo hapo, kabla hata ya kuiandika hesabu.

Kuisoma mishale

Altimita ya mishale mitatu ina mrefu unaohesabu mamia, mfupi unaohesabu maelfu, na mdogo kabisa wa makumi elfu. Urefu wa uwanja wa Mwanza uko pabaya kwa macho yanayopita haraka. Kwenye 3,763 mshale mfupi umeshapita 3 sana na unakaribia kugusa 4, huku mrefu uko kati ya 7 na 8. Anayeangalia kwa nukta moja anaona nne na saba, anajiambia 4,760. Amejiongezea futi elfu moja ambazo hana.

Kanuni ni hii: mshale mrefu ukiwa kati ya 5 na 9, mfupi utakuwa umekaribia namba inayofuata, na wewe unasoma namba uliyoipita, siyo unayoiendea. Mfundishe mwanafunzi wako hilo ndege ikiwa imesimama. Mwambie asome, kisha zungusha kifundo ufike 3,900, asome tena, halafu 4,050, asome tena. Dakika tano zinatosha, na hakuna mafuta yanayoungua. Kabla ya kuwasha injini, rudisha QNH.

Kupaa na kuvuka mwinuko wa mpito

Ukiwa kwenye njia ya kurukia, tupia jicho altimita zote mara ya mwisho: namba ya kidirisha, kisha mishale. Baada ya kupaa, ukifika kama futi elfu moja juu ya uwanja, yaani karibu 4,760, linganisha ya kushoto na ya kulia. Zikianza kuachana hapo, geuka urudi mapema, ungali unauona uwanja.

Utaendelea na QNH hadi mwinuko wa mpito, halafu unaweka 1013 na kuanzia hapo unataja levo za safari badala ya futi. Kila uwanja una namba yake, iliyoandikwa kwenye chati. Taratibu za kimataifa zinataka kwa kawaida usiwe chini ya futi 3,000 juu ya uwanja, na namba ikuzwe hadi elfu kamili inayofuata. Piga hesabu: 3,763 na 3,000 ni 6,763, kwa hiyo kwa Mwanza usitegemee chini ya 7,000. Namba halisi isome kwenye chati iliyo hai, usiibebe kutoka uwanja mwingine. Rubani aliyezoea mwinuko wa mpito wa pwani akiweka 1013 mapema mno, atapishana na ndege zinazotumia QNH kwa futi mia na zaidi, na kila mmoja atajiona yuko mahali pake.

Mnapokuwa wawili, anayerusha ataje "1013", wa pili aweke ya kwake, kisha wote wasome levo wanayopita kwa sauti. Kazi haijaisha mpaka namba mbili zimetamkwa na zimelingana.

Kutoka Mwanza kwenda Bukoba ni karibu maili 95 za baharini, kuelekea kaskazini-magharibi, mnamo nyuzi 315. Anayeruka kwa kuona kwa macho upande huo huchukua elfu shufwa na nusu, kwa mfano levo 85, yaani futi 8,500 zinazohesabiwa kutoka 1013. Akirudi, elfu witiri na nusu, kwa mfano 95. Siku ambayo QNH ni 1017, levo 85 inakuweka kwenye futi 8,608 za altimita yenye QNH. Hilo si kosa, ndivyo mfumo ulivyo. Ndege zote pale juu zimekosea sawasawa, na kwa hiyo nafasi kati yao ni ya kweli. Kinachoharibu ni mmoja aliyesahau kuitoa QNH yake.

Hapa watu wengi huchanganyikiwa kuhusu transponda. Haijali umeweka nini kwenye kidirisha. Siku zote inatuma urefu uliohesabiwa kutoka 1013. Kwa hiyo mwongoza ndege akikuambia uko futi 300 chini ya levo yako, usizungushe kifundo ukitegemea namba kwenye skrini yake itabadilika. Haitabadilika. Angalia kwanza kama umeweka 1013, rudi kwenye levo yako; ikiwa bado mnapishana, mwambie, na muulize mwenzako altimita ya pili inasoma nini.

GPS nayo ina majaribu yake. Hewa ya Mwanza ina joto lililozidi lile la kitabu kwa nyuzi 15 hadi 20, na hewa ya moto imetanuka, kwa hiyo altimita iliyowekwa vizuri husoma pungufu kidogo ya urefu wa kweli. Kadiria asilimia nne kwa kila nyuzi kumi, ukihesabu kutoka usawa wa uwanja uliotoa QNH kwenda juu. Kwenye 8,500 hiyo ni futi 280 hadi 380, na GPS itakuonyesha kati ya 8,780 na 8,880. Zote mbili ziko sawa, zinapima vitu viwili tofauti. Usiifuate GPS kwa kuzungusha altimita. Wala usiifanye hiyo ziada ya joto kuwa akiba yako ukiwa chini: kwenye futi 500 juu ya ziwa ni kama futi 40 tu.

QNH ya asubuhi haitoshi jioni

Hili ndilo linalopuuzwa zaidi kanda ya ziwa, na pengine ni kwa sababu hewa yetu inaonekana tulivu. Hatuna vimbunga vinavyoshusha mgandamizo kwa hektopaskali 30 kwa usiku mmoja. Lakini karibu na ikweta mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kila siku, kwa saa zinazojulikana: unafika juu mnamo saa nne asubuhi na saa nne usiku, unafika chini mnamo saa kumi alasiri na saa kumi alfajiri. Tofauti kati ya saa nne asubuhi na saa kumi alasiri ni kama hektopaskali tatu au nne. Kwa futi, ni 80 hadi 110.

Fuata safari ya kawaida uone inavyokuwa. Unaondoka Mwanza saa nne asubuhi na QNH 1018. Unashinda Bukoba, unarudi saa kumi alasiri bila kubadilisha kitu, kwa kuwa ulibaki chini ukapita kisiwa kwa kisiwa na hukuhitaji levo. QNH ya sasa ni 1014. Altimita yako inakuongezea futi 108. Unaposoma 4,220 ukidhani uko kwenye mpaka wa futi 500, kweli uko futi 392 juu ya maji. Mgandamizo ukishuka na kidirisha kikabaki palepale, altimita inakusifia urefu usio nao. Kumbuka upande huo wa kosa, kwa sababu ndio unaoua.

Kwa hiyo omba QNH mpya kila unapobadilisha masafa ya redio, na kwa hali yoyote usiitumie ya kituo kilichoachwa zaidi ya maili 100 nyuma. Ukiwa nusu ya njia kwenda Bukoba, acha ya Mwanza, chukua ya Bukoba. Ukipita pembeni mwa mvua ya radi, omba tena hata kama uliomba robo saa iliyopita. Upande wa magharibi wa ziwa hujikusanyia mawingu makubwa usiku na alfajiri, na chini ya wingu la namna hiyo mgandamizo unaweza kuruka kwa hektopaskali kadhaa ndani ya dakika chache.

Usiku usio na mbalamwezi unadai uangalifu wa pekee. Wavuvi wa dagaa wanakuwa kazini, na taa zao zinatapakaa ziwani hadi mwisho wa macho. Juu kuna nyota, chini kuna taa, na mstari unaotenganisha maji na mbingu haupo. Rubani anaweza kuinamisha ndege taratibu huku macho yake yanamwambia iko sawa. Asubuhi ziwa likiwa shwari kama kioo, shida ni ileile kwa njia nyingine: maji yanaakisi mbingu na huwezi kukadiria umbali wake. Nyakati hizo mbili usishuke chini ya futi 1,500 juu ya ziwa, yaani 5,220 kwenye altimita, mpaka uwanja uwe machoni na uwe umelinganisha altimita mbili. Hiyo siyo sheria iliyoandikwa, ni kiwango tunachokishauri. Ukipita karibu na Rubondo ongeza zaidi, kwa kuwa vilima vyake vinasimama kama mita 350 juu ya ziwa.

Kushuka

Pata QNH ya uwanja unaokwenda mapema, kabla ya kuanza kushuka, na iandike. Ukivuka levo ya mpito, ile ya chini kabisa inayotumika juu ya mwinuko wa mpito, toka 1013 uweke QNH hiyo, ukikadiria mwendo wa mshale kama kawaida. Katikati ya mwinuko wa mpito na levo ya mpito hakuna anayesafiri usawa, unapita tu.

Kusahau kubadilisha kuna uzito tofauti kutegemea siku. Ukishuka Mwanza na 1013 wakati QNH ni 1017, altimita inakunyima futi 108 na wewe uko juu kuliko unavyodhani; utafika njia ya kurukia ukiwa juu mno, lakini uko hai. Geuza hali: umetoka Mwanza chini kwa chini na 1017, unashuka Dar es Salaam mchana wa joto wakati QNH ya pale ni 1009, hujabadilisha. Unasoma futi 216 zaidi ya ulizonazo.

Rudia QNH kwa mnara kwa tarakimu zote nne, na mwongoza ndege akikuacha bila kukuthibitishia, uliza. Mwongoza ndege naye ni binadamu. Mei 2022, Airbus A320 iliyokuwa ikishuka kwenye mvua kuelekea uwanja wa Charles de Gaulle, Paris, ilipewa 1011 badala ya 1001. Hektopaskali kumi, futi 280 hivi. Ndege ilifika futi 6 tu juu ya ardhi, ikiwa bado zaidi ya kilomita moja kabla ya njia ya kurukia, na marubani walipandisha tena bila kujua wamekaribia kiasi gani. Kilichokuwa kinahitajika ni mtu mmoja kulinganisha namba aliyotajiwa na ile iliyoandikwa kwenye taarifa ya hali ya hewa. Ndiyo maana tunasema QNH moja ipatikane kwa njia mbili: sikio na karatasi. Zikipishana kwa zaidi ya hektopaskali moja au mbili, hakuna kushuka mpaka ijulikane ipi ni sahihi.

Kosa la pili la kushuka halihusu QNH, linahusu kibali. Septemba 1974, marubani wa Boeing 747 iliyokuwa ikiingia Nairobi walielewa kwamba wameruhusiwa kushuka hadi 5,000 wakati walipewa 7,500. Uwanja wa Nairobi uko zaidi ya futi 5,300. Waliteremkia namba iliyo chini ya ardhi, na wakainua ndege ikiwa imebaki kidogo sana. Kwa Mwanza kinga yake ni rahisi: namba yoyote chini ya 4,000 ukiwa bado mbali na uwanja ni kosa, bila kujali nani kaitaja. Uliza tena.

Kwenye kiwanja kisicho na mnara

Visiwani na kwenye hifadhi hakuna wa kukupa QNH. Kabla ya kushuka, tumia ya uwanja wa karibu na chukulia inaweza kupishana kwa hektopaskali mbili. Ukishatua, soma altimita ukilinganisha na urefu wa kiwanja ulioandikwa kwenye chati. Wakati wa kuondoka, zungusha kifundo hadi isome urefu huo. Namba itakayotokea kidirishani ndiyo QNH ya pale kwa saa hiyo. Hii ndiyo hali pekee ambayo kuzungusha hadi mshale ukubali ni njia halali, na hata hapo linganisha na uliyokuja nayo. Kama asubuhi ulitua na 1018 na sasa kidirisha kinasema 1015, jua limefanya kazi yake. Kikisema 1006, usiondoke kabla hujajua kwa nini. Angalia kwanza kama urefu uliousoma ni wa futi au wa mita.

Altimita ikigoma

Hewa huingia kwenye chombo kupitia matundu madogo ubavuni mwa ndege. Mwanza yana maadui wawili: nyigu wanaojenga kwa udongo, na vile vijidudu vya ziwani vinavyoinuka majini kama moshi na kuganda kwenye kila kitu vinapopita. Yakague kwa macho na tochi kila asubuhi, na usiyapulize kwa mdomo wala mashine ya upepo, maana utaharibu vidonge ndani. Ndege ikioshwa, mafundi huyaziba kwa utepe. Utepe uwe wa rangi kali na uandikwe kwenye kitabu cha ndege kwamba upo. Oktoba 1996 Boeing 757 ilipaa kutoka Lima, Peru, ikiwa na utepe uliosahauliwa juu ya matundu hayo. Ilianguka baharini usiku, watu wote 70 wakafariki.

Matundu yakiziba kabisa, utapaa na altimita itabaki imeganda kwenye 3,763, mshale wa kupanda na kushuka utalala kwenye sifuri, na mwendo utasoma pungufu kadiri unavyopanda. Ukiona mambo hayo matatu pamoja, fungua valvu ya hewa ya akiba iliyo ndani ya chumba cha rubani. Hewa ya ndani ina mgandamizo mdogo kidogo kuliko wa nje, kwa hiyo altimita itasoma juu kidogo ya ukweli. Kiasi gani, kitabu cha ndege kina jedwali. Ongeza futi 100 kwenye kila kiwango chako cha chini, itumie GPS kama shahidi, mwambie mnara kwamba urefu unaotumwa na transponda yako usiaminiwe, na urudi.

Baada ya kutua, kabla ya kuzima, soma altimita mara nyingine maegeshoni ukiwa na QNH ya dakika hiyo. Andika tofauti kwenye kitabu cha ndege hata kama ni futi 20. Fundi akiona 20, 35, 50 kwa wiki tatu mfululizo, anajua chombo kinaelekea wapi na ataking'oa kabla hakijafika 60.